Kidukari Mwenye Mabawa Asiyeruka

Tunapofundisha habari za wadudu, aghalabu huwaambia watoto kwamba mabawa ni ya kurukia. Kauli hiyo ni ya kweli, lakini haitoshi. Tuwachukue vidukari, yaani wale wadudu-mafuta wanaosongamana kwenye vichipukizi vya kunde na karanga. Wachache wao wana mabawa. Na miongoni mwa hao wamo ambao, hata tukiwagusa, hawaruki. Kwa nini?

Kidukari jike aweza kuzaa pasipo dume. Charles Bonnet wa Geneva alilithibitisha jambo hilo mwaka 1740: alimtenga mmoja tangu kuzaliwa, naye akazaa watoto 95. Mmea unapojaa, huzaliwa majike wenye mabawa, ambao huhamia mmea mwingine. Wakisha kutua na kunyonya utomvu, misuli yao ya kurukia huvunjika katika siku chache, nao huendelea kuzaa. Mabawa hubaki mgongoni, lakini nguvu ya kuyapiga imekwisha.

Ni nini kinachotoa amri hiyo? Ni homoni, yaani kemikali itokayo katika tezi na kuchukuliwa na damu, mfano wa tarishi apelekaye barua. Nyuma ya ubongo wa kidukari mna tezi ndogo itoayo homoni ya ujana, nayo inahusika katika kuvunjika kwa misuli hiyo. Kwa hiyo mwalimu asiseme kwamba mdudu "ameamua" kuacha kuruka. Kusema hivyo ni kumpa mtoto hadithi mahali pa sababu.

Tunashauri somo lianzie shambani. Watoto wachume kichipukizi chenye kidukari mmoja wa mabawa, wakitie katika chupa yenye maji kidogo, kisha wahesabu watoto wake kila siku na kuandika. Ndipo tuwaulize: mdudu huyu amepoteza nini, naye amepata nini?

Faida ya somo hili haiishii darasani. Kidukari wa kunde hueneza rozeti, ugonjwa unaodumaza karanga, na mgeni mmoja mwenye mabawa atosha kuanzisha kundi zima. Mtoto aliyekwisha kuhesabu uzao wake katika chupa ataelewa kwa nini mzazi wake hana budi kulikagua shamba mapema, majani yangali mabichi na wadudu wangali wachache.