Kabla ya Kuwasha Boila, Tafuta Joto Linalotupwa

Weka mkono nyuma ya friji inayofanya kazi: pana joto. Limetolewa kwenye chakula likamwagwa jikoni, na pampu ya joto hufanya kazi hiyohiyo kwa jengo zima. Ndani yake huzunguka kimiminika kinachochemka hata kwenye baridi. Hufyonza joto la maji yanayopitishwa kwenye pampu na kugeuka mvuke. Kompresa huukandamiza, joto lake likapanda. Kisha hulitua chumbani na kurudi kuwa kimiminika. Vali ikigeuzwa, joto hutoka chumbani likaenda majini. Kwa hiyo umeme unaolipiwa hubeba joto lililopo tayari, na kwa uniti 1 pampu nzuri hufikisha joto la uniti 3 au 4.

Maji yanafaa kwa sababu lita yake moja hubeba joto zaidi ya mara 3,000 ya lita ya hewa, na mto hauwi baridi kama upepo wa kipupwe. Uswisi, yenye uhaba wa makaa ya mawe, ililigundua hilo mapema: mwaka 1938 jengo la baraza mjini Zurich lilianza kupashwa joto kwa maji ya mto Limmat, na mtambo huo ukadumu hadi 2001. Kwenye maghorofa ya ofisi na maduka faida huzidi, maana joto huwa limo ndani. Upande unaopigwa na jua watu wanatokwa jasho, wa kivulini wanavaa sweta, na chumba cha kompyuta kinafuka joto mwaka mzima. Bomba moja la maji, yenye nyuzi kati ya 15 na 32 hivi za Selsiasi, huviunganisha vyumba vyote, kila kimoja na pampu yake. Pampu ya huku humwaga joto, ya kule hulichota. Boila hujaza upungufu, na mnara wa kupozea hutoa ziada.

Wapo wanaosema umeme wenyewe hutokana na makaa ya mawe, hivyo hakuna kinachookolewa. Hesabu inawapinga: hata mtambo ukigeuza theluthi moja tu ya nishati ya makaa kuwa umeme, pampu inayozidisha mara 4 hufikisha joto zaidi ya lile lililokuwa kwenye makaa, ilhali boila haiwezi kamwe kuzidi kilichochomwa ndani yake. Hoja ya gharama za kuanzia ina uzito zaidi, kwani mabomba na pampu nyingi hudai fedha na mafundi. Pia, pale ambapo vyumba vyote vinataka baridi kwa wakati mmoja, kubadilishana joto hakupo. Hata hivyo, hoteli ya Mombasa inayopoza vyumba mchana kutwa huhitaji maji ya moto ya kuogea na kufulia, na joto la kuyapasha hutupwa nje na viyoyozi vyake.

Basi mwenye jengo na msanifu wake waulizane kwanza joto linatupwa wapi na nani analihitaji. Swali hilo liulizwe mapema, ramani ikiwa bado mezani, kwa sababu bomba lililosahauliwa ni ghali kulipitisha ukuta ukishasimama.