Je, Wajua? Kompyuta Ikifa, Mafaili Huenda Bado Mazima

Kompyuta ya chama cha msingi cha ushirika pale Rubwera, wilayani Kyerwa, ikigoma kuwaka katikati ya msimu wa kahawa, hesabu za wakulima si lazima zipotee. Mara nyingi kinachokufa ni pawasaplai au ubao mama, si diski.

Fundi hufungua skrubu, akachomoa diski na kuiunganisha na kompyuta nyingine kwa waya wa SATA wenye ncha ya USB. Diski ya laptopu ya inchi 2.5 hutosheka na umeme wa USB. Ile ya inchi 3.5 huhitaji adapta ya volti 12. Windows ikiuliza kama diski ifomatiwe, jibu ni hapana!

Diski ikigonga ta-ta-ta, izimwe mara moja: kichwa cha kusomea huenda kinakwaruza sahani. Iliyofungwa kwa BitLocker, kufuli la usimbaji la Windows, hudai ufunguo wa tarakimu 48.

Hata diski iliyoharibika vibaya huweza kuokolewa. Chombo cha angani Columbia kilipovunjika mwaka 2003, diski yake moja iliokotwa Texas ikiwa imeungua. Wataalamu wa kampuni ya kuokoa data ya Kroll Ontrack walizisafisha sahani zake na kuokoa takriban asilimia 99 ya data, na matokeo ya jaribio la gesi ya zenoni yaliyokuwa humo yakachapishwa mwaka 2008.