Mzigo Unaojipasha Moto

Lori lenye jokofu likikupita barabarani, mawazo huenda moja kwa moja kwenye samaki, nyama au chanjo. Huko Ulaya na Marekani baadhi ya malori ya namna hiyo hubeba madumu ya peroksaidi za kikaboni, na jokofu likizima mzigo huo hauozi. Huanza kupata joto wenyewe, bila cheche wala kiberiti, hadi uwake.

Peroksaidi hizi ni kemikali zenye atomu mbili za oksijeni zilizoshikana, na mshikano wenyewe ni dhaifu mno. Joto kidogo tu huuvunja, na vipande vinavyobaki huwa na pupa ya kuungana na chochote kilicho karibu. Viwanda vinaitafuta pupa hiyo kwa sababu ndiyo inayoanzisha minyororo ya molekuli za plastiki, kuanzia polithini hadi mabomba ya PVC. Fundi wa boti za faibaglasi wa Mombasa au Dar es Salaam anaijua kwa kuishika: akichanganya kigandishi kwenye resini, ndoo hupata moto kabla resini haijakauka. Kigandishi chake, nacho ni peroksaidi, huwa kimezimuliwa na hakihitaji jokofu. Wenye matata ni wengine wa ukoo huohuo.

Mwanasayansi Mrusi Nikolai Semenov, aliyekuja kupata Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1956, alieleza mwishoni mwa miaka ya 1920 namna kitu kinavyoweza kulipuka kwa joto lake chenyewe. Kila nyuzijoto zikipanda kwa 10 hivi, kasi ya kuvunjika huongezeka mara mbili au zaidi, na joto linalozalishwa huongezeka vilevile. Lakini joto linalotoka kupitia kuta za chombo huongezeka kwa hatua za kawaida tu, kadiri ndani kunavyozidi kuwa na joto kuliko nje. Chini ya kiwango fulani, chombo hutoa joto lote kinalozalisha. Kikivuka hapo, kinazalisha kuliko kinavyotoa, na kila nyuzi inayoongezeka inaiharakisha inayofuata. Ukubwa wa chombo nao una neno lake. Sufuria ya pilau la harusi hubaki ya moto muda mrefu baada ya sahani kupoa, na pipa la peroksaidi hufuata kanuni hiyohiyo: kemikali iliyo tulivu kwenye dumu dogo yaweza kuwa ya hatari kwenye tangi kubwa.

Kiwango hicho, tukiite joto la kujichochea, hupimwa. Kifurushi kamili, kama kitakavyosafirishwa, huwekwa ndani ya tanuri lenye joto lisilobadilika. Joto la katikati ya kifurushi likilizidi la tanuri kwa nyuzi 6 au zaidi ndani ya siku saba, kimefeli. Jaribio hurudiwa kwa kupanda au kushuka nyuzi 5 hadi upatikane mpaka. Utaratibu huo unatokana na Umoja wa Mataifa, ambao mapendekezo yake kuhusu usafirishaji wa bidhaa hatari yalitolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1956, na ndiyo msingi wa mkataba wa Ulaya wa barabarani, ADR, uliosainiwa Geneva mwaka 1957.

Kutoka kwenye mpaka huo zinapatikana namba mbili anazopaswa kuzijua dereva. Chukua tert-butili peroksipivaleti yenye ukali wa asilimia 75, ambayo joto lake la kujichochea ni nyuzi 20 za Selsiasi. Kanuni inataka joto la udhibiti liwe nyuzi 20 chini ya hapo, yaani sifuri, na joto la dharura liwe nyuzi 10 chini, yaani 10. Joto la mzigo likipita sifuri, hatua za tahadhari zinaanza: jokofu litengenezwe au baridi iongezwe. Likikaribia 10, ni wakati wa taratibu za dharura. Kwangu mimi hizo nyuzi kumi katikati ni saa za kufanya kazi, kwa maana waliotunga kanuni walikubali tangu mwanzo kwamba jokofu litaharibika siku moja.

Masharti ya gari yanaonyesha hivyo pia. Jokofu lazima liweze kufanya kazi bila kutegemea injini inayoliendesha lori. Vipimajoto viwe viwili, visivyotegemeana, na dereva aweze kusoma joto la mzigo akiwa ndani ya kabini yake. Joto lisomwe na kuandikwa kila baada ya saa 4 hadi 6. Mvuke wa mzigo usipenye kwa dereva. Sharti ninalolipenda zaidi linasema msafirishaji apewe maelekezo yenye orodha ya wauzaji wa vitu vya kupoozea waliopo njiani. Mtunga sheria aliyeandika hilo alijua barabara ni ndefu.

Hali ya hewa nayo inahesabiwa. Kupooza kwa barafu kavu au nitrojeni ya kimiminika peke yake kunaruhusiwa kwa aina nyingi, ila joto la nje lisizidi joto la udhibiti kwa zaidi ya nyuzi 30. Kwa mzigo wetu wa nyuzi sifuri, njia hiyo inafaa Rotterdam karibu mwaka mzima. Mchana wa Februari Dar es Salaam haifai. Uganda ilijiunga na ADR mwaka 2022, kwa hiyo hesabu hii si ya Wazungu peke yao, na wanaoijua foleni ya malori mpakani Malaba wanaelewa kuchelewa kuna maana gani kwa mzigo unaohesabiwa kwa saa.

Kwa baadhi ya kemikali nyingine zinazojipasha moto, baridi ikizidi pia ni balaa. Asidi ya akriliki huganda ikifika karibu nyuzi 13, na inapoganda kizuizi kinachoituliza hujitenga na kubaki kwenye sehemu isiyoganda. Anayeiyeyusha kwa mvuke wa moto huishia na kemikali iliyopashwa joto bila mlinzi wake.

Agosti 2017 mafuriko ya kimbunga Harvey yaliingia kiwanda cha peroksaidi cha kampuni ya Arkema huko Crosby, Texas. Umeme ulikatika, jenereta za akiba zikafunikwa na maji, na wafanyakazi wakahamishia peroksaidi kwenye matrela tisa yenye majokofu. Maji yaliendelea kupanda, nayo majokofu ya matrela hatimaye yakazima. Tarehe 31 Agosti trela la kwanza liliwaka, na kesho yake mawili mengine. Sita yaliyobaki yalichomwa kwa makusudi tarehe 3 Septemba, maana kusubiri kulikuwa hatari zaidi. Takribani tani 160 ziliteketea. Wakazi zaidi ya 200 waliokuwa ndani ya kilomita 2.4 walihamishwa, na watu 21 walitafuta matibabu baada ya kuvuta moshi. Ukisoma ripoti ya shirika la Marekani linalochunguza ajali za kemikali, unaona kwamba akiba haikukosekana. Ilikuwepo tabaka juu ya tabaka, na zote ziliangushwa na maji yaleyale. Jenereta tatu kwenye ghorofa moja la chini, mbele ya mafuriko, ni jenereta moja.

Baadhi ya viwanda vya PVC vimeamua kutosafirisha peroksaidi kabisa. Huitengeneza ndani ya mtambo uleule itakamotumika, kiasi kinachohitajika kwa mzunguko mmoja, na malori yanayoingia getini hubeba malighafi zake. Malighafi hizo hazihitaji baridi kali namna hiyo, ingawa baadhi yake ni sumu inayoua kwa kuvutwa, na zina sura yake nyingine katika kitabu cha kanuni.