Umeambiwa "sukari yako iko juu": ufanye nini kabla ya jibu la mwisho?

Katika safu hii leo tunazungumza na yule aliyepimwa juzi akaambiwa sukari yake iko juu, akapewa kikaratasi na kutakiwa arudi kupimwa tena, na tangu siku hiyo hapati usingizi. Tunazungumza naye kwa sababu wengi wa namna yake hawarudi. Si kwamba hawajali afya zao, bali wanaogopa. Mtu anaona afadhali akae na shaka kuliko aende akathibitishiwe, na kikaratasi kile kinabaki ndani ya mfuko wa kanzu mpaka kinafuliwa.

Tuchukue mfano wa baba mwenye nyumba wa hapa Singida, umri wake kama miaka 50, aliyekwenda Nzuguni, Dodoma, kwenye maonesho ya Nane Nane ya kanda yetu ya kati. Amezunguka mabanda tangu asubuhi, amekunywa soda, amefika kwa wafugaji nyuki akaonja asali kwa kidole. Saa saba mchana anakuta hema la kupima afya bure, anatobolewa kidole hicho hicho na mashine inasoma 10.8. Kijana aliyempima ana foleni ndefu nyuma yake, hivyo anamwambia neno moja tu: "Mzee, una sukari, kaone daktari." Baba huyu anarudi Singida kwenye basi akiwa kimya, na kichwani mwake ameshakatwa mguu.

Sasa tuitazame ile 10.8. Sukari ya damu hapa kwetu husomwa zaidi kwa milimoli kwa lita. Mtu akikaa bila kula kwa saa 8 au zaidi, akapimwa asubuhi akiwa na njaa, akiwa chini ya 6.1 huyo ni wa kawaida. Akifika 7.0 au kupita, hicho ni kiwango cha kisukari. Aliye baina ya 6.1 na 6.9 yuko katikati: hajawa mgonjwa, lakini ameonywa. Ama aliyepimwa saa yoyote bila kujali amekula nini, kiwango cha kisukari huanzia 11.1. Na hata akikifikia, kama hana dalili zozote, namba moja haitoshi kumwita mgonjwa. Kanuni ni kwamba kipimo kirudiwe siku nyingine, na ikiwezekana kiwe cha maabara.

Kwa hiyo baba yetu, aliyepimwa baada ya soda, hajafikia kiwango hicho. Lakini pia hajasalimika, maana 10.8 si namba ya kuifumbia macho. Kwa ufupi, bado hajui, na inambidi akapimwe akiwa na njaa.

Tena kuna ile asali. Kidole chenye masalia ya asali, embe au chai yenye sukari huipandishia mashine namba, kwa kuwa inapima sukari ya kwenye ngozi pamoja na ya damu. Ndiyo maana mikono inaoshwa kwa maji na sabuni na kukaushwa vizuri kabla ya kutobolewa. Sindano ya kutobolea nayo iwe mpya kwa kila mtu, uione ikifunguliwa mbele yako. Kuchangia sindano, hata ndani ya nyumba moja, kunaweza kuambukiza homa ya ini na ukimwi.

Mashine hizi ndogo zinasaidia sana, lakini zinaruhusiwa kutofautiana na maabara kwa kiasi cha asilimia 15. Iliyosoma 7.4 huenda kwa kweli ni 6.8. Nyingine husoma kwa miligramu, na hapo watu hupata mshituko wa bure. Ukiona 110 usidhani umekwisha. Gawanya kwa 18 utapata 6.1. Kwa hesabu hiyo 7.0 ni sawa na 126, na 11.1 ni sawa na 200.

Aidha, sukari huweza kupanda kwa muda mtu akiwa na homa kali, nimonia au majeraha makubwa, au akitumia dawa kama prednisolone na dexamethasone ambazo hupewa wenye pumu na mzio. Mwambie anayekupima kila dawa unayotumia, pamoja na za miti shamba. Kipo pia kipimo kinachoitwa HbA1c, kinachoonesha wastani wa sukari wa miezi miwili mitatu iliyopita, na kiwango chake cha kisukari ni asilimia 6.5. Huyu hahitaji kukaa na njaa. Ila kama una upungufu wa damu au selimundu, mweleze daktari, kwani kipimo hicho huweza kudanganya.

Hayo ni ya mchana. Usiku ndio mgumu, ndugu msomaji. Mtu amelala, anasikia mdomo umekauka, anaamka anakunywa maji. Akinywa maji anakwenda chooni, na akiwa chooni anajiambia, "si ndiyo hii dalili yenyewe?" Moyo unamwenda mbio, mdomo unazidi kukauka, anakunywa tena. Inafaa ajue kwamba hofu yenyewe hukausha mdomo, hukosesha usingizi na hata huweza kupandisha sukari kidogo. Kiu ya kisukari haiji siku ile uliyopewa karatasi. Huwa ilianza wiki kadhaa nyuma. Jiulize: kabla ya kupimwa nilikuwa nakojoa sana? Nilikonda bila sababu? Macho yalikuwa na ukungu, vidonda havikauki? Yaandike majibu, uende nayo hospitali.

Kinachozidisha hofu ni habari za jirani. Kila mtaa unaye mtu aliyekatwa mguu au aliyepofuka kwa kisukari, na habari zake zinajulikana mpaka mtaa wa tatu. Lakini mwalimu wa shule au bibi muuza vitunguu sokoni mwenye kisukari mwaka wa 15 sasa, anayemeza vidonge vyake na kuendelea na kazi, huyo hatangazi, na wewe humjui. Mguu hauozi siku mtu anapogundulika. Sukari ikikaa juu kwa miaka, mishipa ya fahamu ya miguu hufa ganzi na damu hupita kwa shida. Mtu anakanyaga mwiba hasikii, kidonda kinachimba kiatuni, anakuja hospitali kimeshafika mfupani. Aliyegundulika mapema ana nafasi kubwa ya kuizuia safari hiyo. Anayekiogopa kikaratasi na kukificha ndiye anayeianza bila kujua.

Wengine huogopa mengine. Aliyekonda hudhani ni ukimwi, au ndugu wanasema amerogwa, na mwanamume anahofia nguvu zake za kiume lakini hawezi kumwambia mtu. Tunawashauri akina baba: mwambie mkeo. Ndiye anayepika, ndiye atakayejua ukianza kuongea ovyo usiku, na mara nyingi ndiye aliyeona tangu zamani kwamba unaamka mara nne. Kumficha hakumpunguzii wasiwasi, kwani atadhani jambo jingine.

Wala usijione peke yako. Mwaka 1989 Profesa Donald McLarty na wenzake walitangaza matokeo ya kupima watu katika vijiji 6 vya Tanzania, wakakuta wenye kisukari hawafiki mtu 1 kwa kila 100. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012, kwa watu wazima wa miaka 25 hadi 64, ulikuta takriban 9 kwa kila 100. Vipimo na watu waliopimwa havikufanana moja kwa moja, lakini hata ukiliangalia hilo, ule usemi kwamba kisukari ni ugonjwa wa matajiri wa Dar es Salaam hauna tena mahali pa kusimama.

Katika siku hizi za kusubiri kuna mambo ya kujiepusha nayo. La kwanza ni kumeza vidonge vya shangazi au vya jirani "kujaribu". Vipo vidonge vya kisukari vinavyoweza kushusha sukari ya mtu mzima wa afya mpaka akazimia. La pili ni kujinyima chakula siku tatu ili kipimo "kitoke kizuri". Kula kama ulivyozoea, ndipo kipimo kitasema kweli. Soda na sukari ya chai ukizipunguza leo hakuna atakayekulaumu, uwe na kisukari au usiwe nacho.

La tatu ni kukimbilia tiba kabla ya kujua ugonjwa. Mwaka 2011 barabara za kwenda Samunge, Loliondo, zilijaa magari ya watu waliofuata kikombe cha Mchungaji Ambilikile Mwasapila, na kisukari kilikuwa miongoni mwa maradhi yaliyotajwa kuwa yanapona. Hakuna kipimo kilichothibitisha hivyo, na hatari kubwa ilikuwa kwa walioacha dawa zao kwa kuamini wamepona.

Na hapa Singida, kwenye asali yetu, hatuna budi kusema wazi. Waislamu tunaijua Surat An-Nahl na inavyoitaja shifaa iliyomo katika asali, wala hatubishani na hilo. Lakini tiba ina ugonjwa wake na ina kipimo chake. Asali nyingi ni sukari, na ikiingia tumboni huipandisha sukari ya damu. Aliyemuumba nyuki ndiye aliyeumba kongosho, na kongosho likishindwa kazi, vijiko vitatu vya asali kila asubuhi vinaliongezea mzigo. Vivyo hivyo ugali wa mtama au uwele. Ni chakula kizuri, kina nyuzinyuzi kuliko sembe, na ukila na mlenda na mboga za majani unakuwa umekula vyema. Lakini si dawa ya kula bila kikomo, kwani wanga ni wanga, na kinachohesabiwa zaidi ni ukubwa wa tonge na idadi yake.

Zipo hali zisizosubiri siku nyingine. Mtu mwenye sukari ya juu akianza kutapika, kuumwa tumbo, kuhema haraka na kwa kina, pumzi ikanuka kama tunda lililoiva kupita kiasi, au akawa anasinzia na kuchanganyikiwa, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Mashine ikionesha herufi HI badala ya namba, maana yake sukari imepita kiwango inachoweza kusoma. Na mtoto anayekunywa maji sana, anayekonda kwa siku chache, au aliyekuwa ameacha kukojoa kitandani akaanza tena, apimwe sukari siku hiyo. Watoto kama hawa hutibiwa malaria kwanza, na kisukari cha watoto kinahitaji insulini, hakingoji dozi ya malaria iishe. Mjamzito aliyeambiwa sukari iko juu naye asingoje; aende kliniki yake ya wajawazito wiki hiyo hiyo.

Kwa wengine, kupima tena si safari ya mbali. Sukari hupimwa katika hospitali ya mkoa mjini Singida, hospitali za Kiomboi na Manyoni, Makiungu, Mtakatifu Gaspar Itigi, na katika vituo vya afya vingi. Ulizia kwanza siku ya kliniki ya kisukari ili usipoteze nauli. Fika asubuhi hujala tangu usiku, maji unaruhusiwa. Ama ukiwa umefunga, iwe Ramadhani au sunna ya Jumatatu na Alhamisi, hapa watu hukosea. Ukifika saa mbili asubuhi hicho si kipimo cha njaa, kwa sababu daku uliyokula saa kumi alfajiri haijatimiza saa 8. Subiri mpaka saa sita mchana ndipo upimwe. Tone la damu la kidoleni halibatilishi funga, kama wanavyosema wanazuoni wengi.

Tuseme umerudi na jibu ni lile la katikati, 6.1 hadi 6.9. Marekani ulifanyika utafiti mkubwa uliotangazwa mwaka 2002 kwa watu waliokuwa karibu na kisukari. Waliolenga kupunguza asilimia 7 ya uzito wao na kutembea dakika 150 kwa wiki walipunguza kwa asilimia 58 uwezekano wa kuugua, na waliwashinda waliopewa vidonge vya metformin. Dakika 150 ni kutembea kwa mwendo wa haraka nusu saa kwa siku tano. Mwenye msikiti wa robo saa kutoka nyumbani anazimaliza kwa safari ya Alasiri peke yake, akiiacha pikipiki.

Na kama jibu ni kisukari, siku hiyo daktari atakuanzishia ushauri wa chakula, na mara nyingi vidonge. Usitoke bila kuuliza haya: presha yangu ikoje? Macho yangu yatachunguzwa lini? Miguu yangu umeiangalia? Nirudi tarehe ngapi? Swali la tano, ambalo Waislamu wengi hulionea haya mbele ya daktari, ni la funga. Wapo wenye kisukari wanaofunga salama kwa kubadilishiwa saa za dawa, na wapo ambao kufunga ni hatari kwao, hasa wanaotumia insulini mara kadhaa kwa siku, wenye figo zilizoathirika na wajawazito. Na Uislamu umempa mgonjwa ruhusa yake. Anayefunga akikuta sukari imeshuka chini ya 3.9 au imepita 16.6 anatakiwa kufungua siku hiyo, hata kama imebaki nusu saa Magharibi iingie. Haya hupangwa na daktari wiki 6 hadi 8 kabla ya Ramadhani, yaani tangu Rajab inapoanza hadi inapofika katikati.