Koleti za Kerezo la Fundi Saa: Kwa Nini "Milimita Nane" Haitoshi

Saa za mkononi za betri ziendeshwazo kwa fuwele ya kwatzi zilianza kuuzwa nchini Japani mwezi Desemba 1969. Katika miaka iliyofuata bei yake ilishuka sana, na mafundi wengi wa saa za kutia ufunguo, wa ng'ambo na wa huku kwetu, walilazimika ama kuacha kazi ama kugeukia kubadilisha betri na mikanda. Vifaa vyao, hata hivyo, vilikuwa vimetengenezwa ili vidumu. Vimerithiwa, vimeuzwa na kuuzwa tena, hata leo mtu mwenye hamu ya ufundi huu aweza kuagiza kerezo dogo la fundi saa akiwa Makambako, likamfikia kwa basi la kutoka Dar es Salaam ndani ya kasha lisilozidi sanduku la mwanafunzi wa bweni.

Kerezo hufika, lakini mara nyingi koleti zake hazifiki. Ama hazimo kabisa kashani, ama zimo chache zilizookotwa kutoka katika makerezo matatu au manne tofauti kadiri vifaa vilivyobadili mikono. Mnunuzi huambiwa na muuzaji kwamba dawa ni rahisi: "Nunua koleti za milimita nane." Jibu hilo si la uongo, ila ni robo tu ya ukweli, na zile robo tatu zilizobaki ndizo zimewapotezea watu wengi fedha. Makala haya yanakusudia kuzieleza.

Kwanza yafaa ieleweke koleti hufanya kazi gani. Ni bomba fupi la feleji, lenye kichwa cha umbo la pia upande mmoja na hesi, yaani mfereji wa skrubu, upande wa pili. Kichwa chake kimepasuliwa kwa msumeno mahali patatu. Koleti huingizwa katika mhimili wa kerezo, ambao una uwazi katikati, na fimbo yenye hesi ya ndani huivuta kutoka nyuma. Inapovutwa, kichwa cha pia hubanwa na mdomo wa mhimili, zile sehemu tatu hukaribiana, na kipande cha chuma kilichomo katikati hushikwa pande zote kwa nguvu iliyo sawa. Mtindo huu ulianza katika viwanda vya saa vya Marekani katika miaka ya 1850, na aliyesifika kwa kuubuni ni fundi aitwaye Charles Moseley. Kishikio cha taya tatu, kama kile cha makerezo makubwa ya karakana, nacho hushika chuma cha mviringo, lakini hakishiki kwa usahihi unaotakiwa katika saa.

Usahihi huo ni wa kiasi gani? Tuchukue kazi ambayo ndiyo hasa humfanya mtu atafute kerezo: kuchonga upya mhimili wa gurudumu la mizani. Saa ya mkononi ikianguka sakafuni, kinachovunjika mara nyingi ni ncha ya mhimili huo, ambayo unene wake ni kama milimita 0.10, sawa na unywele mnene wa mwanadamu. Katika saa nyingi za zamani mizani hupiga mara 18,000 kwa saa moja, yaani mara tano kila sekunde, ikizunguka juu ya ncha hizo mbili. Vipuri vya saa nyingi za namna hiyo havitengenezwi tena. Saa ya marehemu babu, iliyolala kabatini miaka thelathini, haitatembea tena isipokuwa mtu achonge ncha mpya.

Sasa, kila kinachochongwa bila kuondolewa katika koleti huwa sahihi chenyewe kwa chenyewe, hata koleti ikiwa mbovu. Taabu huja wakati wa kukigeuza. Mhimili wa mizani una ncha mbili, na ili kuchonga ile ya pili ni lazima kipande kitolewe, kigeuzwe na kushikwa upya. Koleti ikiwa inaweka kazi kando ya kitovu kwa milimita 0.02, ncha ya pili nayo itakuwa kando ya kitovu cha ile ya kwanza kwa kiasi hicho: sehemu moja ya tano ya unene wake mzima. Mizani itayumba, na saa itapoteza majira kila inapobadilishwa mkao. Kwa hiyo koleti "inayokaribiana" na ile itakiwayo haina faida hata kidogo.

Hali hii si ngeni kwa watu wa Makambako. Reli ya TAZARA ipitayo hapo, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, ina nafasi ya milimita 1,067 kati ya chuma na chuma, na Reli ya Kati ina milimita 1,000. Kwa macho ya abiria, njia hizo mbili zinafanana. Lakini behewa la TAZARA haliwezi kuingia Reli ya Kati bila kubadilishiwa magurudumu, na ndiyo sababu mwaka 1998 kulifunguliwa kituo cha kuhamishia mizigo kule Kidatu. Milimita 67 zimetenganisha reli mbili katika nchi moja. Katika koleti kinachotenganisha ni sehemu ya mia ya milimita, ambayo jicho haliioni kabisa.

Ukubwa wa milimita 8 ulienea duniani kutokana na kerezo lililotolewa mwaka 1889 na American Watch Tool Company ya Waltham, Marekani, kwa jina la Webster-Whitcomb. Mafundi hulifupisha kuwa WW. Viwanda vingine viliuiga, lakini kila kimoja kwa namna yake. Wajerumani kama Lorch na Boley walitengeneza makerezo ya milimita 8, na pia mengine ya milimita 6 na 6.5, wapo waliofanya ya milimita 10. Kwa hiyo jina lililopigwa muhuri juu ya chuma halitoshi kukuambia ununue nini. Kiwanda kilekile kilitoa saizi tofauti katika nyakati tofauti, na isitoshe, kerezo la zamani huenda limekwisha kubadilishwa kichwa mara moja au mbili. Lipimwe kerezo lenyewe.

Kipimo cha kwanza ni uwazi wa mhimili, na hapa hapahitajiwi chombo cha ghali. Chukua biti ya keekee ya kutobolea chuma, ya milimita 8, uupime kwa maikromita ule mkia wake laini usio na makali, maana aghalabu huwa umepungua kidogo. Usafishe mhimili kwa mafuta ya taa, kisha uingize mkia huo kwa vidole. Ukiingia kwa ulaini bila kucheza, umepata jibu. Ukicheza, au ukikataa kuingia, jaribu saizi nyingine. Usiusukume kwa nyundo. Angalia pia ile pini ndogo iliyomo ndani ya mhimili, ambayo huingia katika mfuo wa koleti ili isizunguke. Pini pana na mfuo mwembamba havipatani, na wengi hukata tamaa hapo wakidhani koleti nzima haifai.

Kipimo cha pili ndicho chenye hila kuliko vyote, nacho ni hesi. Katika koleti za milimita 8 unene wa hesi kwa kawaida hupungua kidogo tu chini ya milimita 7, lakini kinachodanganya ni hatua yake, yaani umbali kutoka mfereji mmoja hadi wa pili. Viwanda vilivyofuata inchi vilikata mifereji 40 katika kila inchi. Inchi moja ni milimita 25.4, hivyo hatua huwa milimita 0.635. Vilivyofuata mita vilikata hatua ya milimita 0.625. Tofauti ni sehemu moja ya mia ya milimita, na ndiyo maana fimbo ya kuvutia hukubali kuingia. Mizunguko miwili au mitatu ya mwanzo huenda vizuri kabisa. Lakini tofauti hiyo hujilimbikiza: baada ya mifereji 8 imefika milimita 0.08, na sasa fimbo huanza kuwa nzito. Fundi asiyejua hudhani ni uchafu, akaongeza nguvu. Matokeo ni hesi iliyoliwa, katika koleti au, vibaya zaidi, katika fimbo ambayo hana nyingine.

Kama una koleti moja iliyokuja na kerezo, na unaamini ni yake, ilaze kando ya kalipa na upime mifereji 8 kwa pamoja. Ukipata milimita 5.00, hesi ni ya mita, ukipata 5.08, ni ya inchi. Kalipa nzuri huonyesha tofauti hiyo bila shida. Kama huna koleti hata moja, chonga kijiti cha mbao laini ya paini, ambayo haikosekani Makambako, ukifanye kiwe kinene kidogo kuliko tundu la fimbo, kisha ukikaze ndani yake polepole. Kitatoka kimechorwa alama za hesi, nawe utazihesabu kwa lenzi.

Kipimo cha tatu ni mlalo wa kichwa. Katika mtindo wa WW pia ya kichwa hufanya pembe ya karibu nyuzi 40 kutoka upande mmoja hadi wa pili, lakini si wote walioifuata. Kwa kazi hii dawa ya zamani ingali bora: paka kichwa cha koleti utando mwembamba sana wa masizi ya koroboi yaliyochanganywa na tone la mafuta, iingize, ivute kidogo, uizungushe kiasi ambacho pini itaruhusu, kisha uitoe na kuitazama. Masizi yakiwa yamefutika sawasawa kote, pembe zinalingana. Yakifutika katika ukingo wa mbele tu, au wa nyuma tu, koleti inashikwa kwa mstari mmoja mwembamba na haitatulia. Wapo wanaoshauri kuusaga mdomo wa mhimili hadi ukubaliane na koleti uliyo nayo. Mimi sikubaliani nao hata kidogo. Koleti hununuliwa tena. Mdomo wa mhimili ukiharibika, kerezo zima limekwisha.

Kipimo cha nne ni kuyumba. Shika pini nyoofu ya feleji inayolingana na tundu la koleti, weka juu yake kipimo chenye mshale na uso kama wa saa, uzungushe mhimili kwa mkono. Kumbuka kwamba mshale ukicheza milimita 0.04, kitovu kiko kando kwa nusu yake, yaani 0.02. Jaribu hilo lifanywe kwa kila koleti peke yake, hata zile za kisanduku kimoja. Koleti mpya za bei nafuu, ambazo nyingi hutoka India na China, hutofautiana sana: katika seti moja huweza kuwamo nzuri kabisa na mbovu kabisa.

Hilo lanileta kwenye ununuzi. Namba iliyochorwa usoni mwa koleti kwa kawaida ni sehemu za kumi za milimita: namba 10 ni milimita 1.0, na namba 32 ni 3.2. Koleti hushika vyema saizi yake hasa. Ukiilazimisha kubana kitu kilichopungua kwa zaidi ya sehemu chache za mia za milimita, hushika kwa ncha tu na baadaye hupoteza unyumbufu wake. Seti kamili huvutia macho, lakini kwa mtu anayelipia mzigo kutoka ng'ambo, koleti kumi nzuri za kati ya namba 6 na 20 zina thamani kuliko hamsini zisizojulikana. Siku hizi wako pia watu wanaotumia vishikio vya ER11, vya mtindo uliobuniwa Uswisi katika miaka ya 1970, vyenye mkia wa milimita 8. Kila koleti ya aina hiyo hubana kwa upana wa karibu nusu milimita, hivyo chache zinatosha. Kasoro zake ni mbili: nati yake kubwa huziba mahali ambapo patasi ya kuchongea ingepita, na mikia mingi ni laini bila hesi, basi fimbo ya kuvutia haina cha kushika.

Na aliyekosa kabisa koleti ifaayo bado anayo njia ya mafundi wa kale. Hushika kipande cha shaba nyeupe katika koleti yoyote iliyotulia, akachonga shimo dogo la umbo la pia usoni mwake, akalipasha moto kwa taa ya spiriti na kudondosha lakiri. Mhimili wa mizani huzamishwa humo lakiri ikiwa laini, ukazungushwa na kunyooshwa kwa kijiti hadi ncha yake iache kuyumba, kisha ukaachwa upoe. Kwa kuwa shimo limechongwa papo hapo bila kuondolewa, kitovu chake ni kile kile cha kerezo, na kosa la koleti halihesabiki tena. Kazi huenda polepole, na lakiri hutolewa baadaye kwa kuchemsha katika spiriti, mbali na moto ulio wazi.

Neno la mwisho lahusu mahali penyewe. Makambako ni mji wa upepo mkali, na vumbi lake hupenya dirishani hata likifungwa. Chembe moja ya unene wa milimita 0.02 ikikaa kati ya kichwa cha koleti na mdomo wa mhimili, hufanya kosa lile lile la koleti mbovu. Kabla ya kila koleti kuingia, pia yake ifutwe kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, na mdomo wa mhimili usafishwe kwa kijiti cha mbao kilicholoweshwa mafuta ya taa. Katika miezi ya Juni na Julai, ukungu wa asubuhi unapoingia ndani, koleti zisilazwe usiku kucha katika mhimili. Zitolewe, zipakwe mafuta mepesi, na kila moja irudishwe katika tundu lake kisandukuni.