Homa baada ya upasuaji wa moyo: Mzazi, usiipuuze

Mtoto anapopelekwa Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete (JKCI), Dar es Salaam, kwa upasuaji wa kufungua kifua, mara nyingi moyo husimamishwa kwa muda ili daktari azibe tundu au arekebishe valvu. Wakati huo mashine hufanya kazi ya moyo na mapafu.

Damu inapopita kwenye mirija ya mashine hiyo, kinga ya mwili huiona mirija kuwa kitu kigeni na kuanza kupambana. Hapo hutokea uvimbe wa ndani: joto hupanda na mishipa midogo huvujisha maji. Kwa wengi hali hiyo hutulia baada ya siku chache. Kwa wachache hupitiliza na kudhuru mapafu, figo au moyo wenyewe.

Kwa nini watoto wawili wenye upasuaji unaofanana wapone tofauti? Sehemu ya jibu iko kwenye vinasaba. Binadamu ana takriban jeni 20,000 zinazotengeneza protini. Watafiti hupima damu kabla na baada ya upasuaji kuona zipi zimeongeza kazi na zipi zimepunguza. Hesabu hiyo ni kubwa, hivyo programu za kompyuta huichambua na kubakiza jeni chache za kuchunguzwa zaidi. Mojawapo inayojulikana ni ile ya interlukini-6, protini inayochochea uvimbe.

Lakini jeni kubadilika si ushahidi kwamba ndiyo chanzo. Lazima matokeo yathibitishwe kwa wagonjwa wengine, wakiwamo Waafrika. Lengo ni kumtambua mapema mgonjwa aliye hatarini.

Kwa sasa, mtoto akisharudi nyumbani Kwala, jicho la mzazi ndilo kipimo cha kwanza. Hata wiki kadhaa baadaye, utando unaozunguka moyo unaweza kuvimba na kujaa maji. Dalili ni homa, kupumua kwa shida, uchovu usio wa kawaida, na maumivu ya kifua yanayozidi akilala chali. Kidonda kikitoa usaha, huenda ni maambukizi.

Ukiona mojawapo, usisubiri tarehe ya kliniki. Mpeleke kituo cha afya kilicho karibu au Hospitali ya Tumbi, Kibaha, ukiwa na karatasi za ruhusa. Usimpe dawa za maumivu bila ushauri wa daktari: huweza kuficha homa, na baadhi huongeza hatari ya kutokwa damu kwa anayetumia warfarin.