Fimbo ya gofu ‘inayosamehe’: ipime kabla hela ya nyumbani haijatoka

MKOA wa Songwe unajulikana kwa kahawa ya Mbozi, mahindi na foleni ya malori ya Tunduma, si kwa gofu. Mkazi wa Tunduma, Vwawa au Mlowo anayeupenda mchezo huu hulazimika kusafiri. Uwanja wa Mufindi mkoani Iringa, ulio katikati ya mashamba ya chai, uko zaidi ya kilomita 300 kutoka mpakani. Morogoro na Dar es Salaam ni mbali zaidi. Zambia nako kuna klabu nyingi, na ndiyo nchi ya Madalitso Muthiya aliyecheza US Open ya Marekani mwaka 2006, lakini kutoka Nakonde hadi miji ya migodi ya Copperbelt ni safari ndefu.

Kwa hiyo mchezaji wa huku, awe mfanyabiashara, mtumishi wa umma au wakala wa forodha, huenda akashika fimbo mara moja kwa mwezi, pengine hata chini ya hapo. Mwili haujazoea, mkono umesahau, mpira unakwenda vichakani. Ndipo anapokutana na tangazo kwenye simu: fimbo za chuma za kisasa “zinazosamehe makosa”. Anataka kununua seti nzima. Mwenzake nyumbani anakumbusha mbolea ya Novemba na ada ya Januari. Wote wawili wana hoja, na jibu linapatikana kwa kupima.

Zinasamehe vipi?

Fimbo ya chuma ya zamani ina kichwa chembamba, na uzito wake umejazana nyuma ya katikati ya uso. Ukipiga katikati, mpira unakwenda vizuri. Ukipiga pembeni kidogo, kichwa kinajipinda mkononi, mpira unapoteza nguvu na kuacha njia.

Mhandisi Karsten Solheim, mzaliwa wa Norway aliyeishi Marekani na kuanzisha kampuni ya PING, ni mmoja wa waliobadilisha hali hiyo. Alihamishia uzito kwenye kingo za kichwa ili kisijipinde kirahisi. Fimbo zake za Eye2 za mwaka 1982 ziliuzwa sana, na watengenezaji wengine wakafuata njia hiyo.

Fimbo mseto za leo, kama Launcher HB na Halo za Cleveland, T-Rail za Cobra na Launch Pad za Wilson, zimekwenda mbele zaidi. Kichwa ni kinene, mara nyingi kina uwazi ndani, na soli yake ni pana. Uzito umewekwa chini na nyuma, hivyo mpira unapanda juu kwa urahisi. Soli pana nayo haizami ardhini mchezaji anapogonga udongo kabla ya mpira, kosa ambalo karibu kila mchezaji wa kawaida hulifanya.

Faida ina gharama yake

Jambo la kwanza la kuangalia ni namba. Zamani aini namba 7 ilikuwa na mlalo wa uso wa karibu nyuzi 34 hadi 36. Namba 7 nyingi za aina hii mpya zina nyuzi 28 hadi 30. Kwa maneno mengine, fimbo iliyoandikwa 7 inafanya kazi ya namba 6 au 5 ya zamani. Mtu akiona mpira umekwenda mita 10 zaidi, asidhani amepata nguvu mpya. Pengine amebadilishiwa namba tu. Akinunua seti ya aina hiyo, anaweza kujikuta na pengo kubwa kati ya fimbo yake fupi ya mwisho na ile ya kupigia mpira wa karibu na grini.

Jambo la pili ni ardhi. Msimu wa mvua, soli pana ni rafiki kwa sababu inateleza juu ya udongo laini. Kiangazi, kuanzia Juni hadi Oktoba, ardhi ya nyanda za juu inakauka na kuwa ngumu. Soli hiyo hiyo inaweza kudunda na kuupiga mpira tumboni, nao ukatambaa chini.

Jambo la tatu ni mpini. Wachezaji wengi wa kawaida, wanawake kwa wanaume, husukuma fimbo kwa kasi ya wastani. Mpini mgumu uliotengenezwa kwa vijana wenye nguvu hauwafai hata kama kichwa kinasamehe. Mpini mwepesi wa grafaiti huwasaidia wengi wao kuliko chuma kizito.

Kupima bila mashine

Mijini ulaya wanapima kwa kompyuta na rada. Mtu wa Tunduma anahitaji mipira 20 inayofanana, daftari, maka peni na eneo la wazi. Aombe ruhusa kwa mwenye shamba, na ahakikishe hakuna mtu wala mfugo mbele. Kiwanja cha shule chenye watoto ni mwiko: mpira wa gofu una uzito wa karibu gramu 46 na unaondoka kwa kasi inayozidi kilomita 100 kwa saa.

Aazime fimbo moja tu, namba 7, kutoka kwa mchezaji mwenzake au kwa muuzaji anayekubali kurudishiwa. Apige mipira mitano kwa fimbo yake ya zamani, kisha mitano kwa mpya, halafu arudie, ili uchovu usiipendelee fimbo moja. Kila mpira achore nukta kwa maka peni na kuielekeza kwenye uso wa fimbo. Alama itakayobaki itaonyesha alipogonga. Kisha ahesabu hatua hadi mpira ulipoangukia na kuandika kama ulikwenda kulia, kushoto au katikati.

Sasa aufute ule mpira mzuri kuliko yote, maana ndio unaodanganya. Tuseme fimbo ya zamani ilifika hatua 140 ilipopiga vizuri na 90 ilipopiga vibaya, wakati mpya ilifika 138 na 118. Mpya imeshinda, ingawa haikupiga mbali zaidi. Fimbo inayosamehe hupimwa kwa mpira mbaya. Kama umbali kati ya mpira mzuri na mbaya haukupungua, fimbo hiyo haijamsamehe mtu huyo kitu.

Jaribio lirudiwe siku nyingine, na fimbo zote mbili zipimwe siku moja, mahali pamoja. Hewa ya nyanda za juu ni nyepesi na mpira huenda mbali zaidi kuliko kwenye viwanja vya pwani kama Lugalo, Dar es Salaam. Hatua za Mbozi hazilinganishwi na za pwani.

Kwa anayenunua mtumba

Fimbo zilizotumika ni nafuu, lakini zinataka jicho. Kwanza, hakikisha si ya mkono wa kushoto. Tikisa kichwa usikie kama kimelegea. Lalia mpini kwa jicho kama fundi anavyokagua mbao, uone kama umepinda. Pitisha ukucha kwenye mifereji ya uso; ikiwa imelika, mpira hautasimama kwenye grini. Raba ya kushikia ikiwa imekauka na kupasuka, ijumlishe kwenye bei, kwa kuwa itabidi kubadilishwa. Jina maarufu lenye maandishi yaliyopinda au yaliyofifia ovyo ni dalili ya bandia. Kwa zinazovushwa mpakani, dai risiti na lipia ushuru unaostahili.

Nyumbani mkubaliane

Kanuni za gofu zinaruhusu fimbo zisizozidi 14. Hazimlazimishi mtu kuzifikisha. Fimbo ndefu za chuma, namba 4 na 5, ndizo zinazowatesa wengi. Familia inaweza kukubaliana kuanza na haibridi moja tu badala ya hizo, itumike msimu mmoja, na daftari lionyeshe kama mikwaju imepungua. Mke na mume wakicheza wote, wapime wote. Fimbo inayomfaa mmoja si lazima imfae mwingine.

Na kabla ya kuongeza ya pili, watazame pia kile ambacho hakiuzwi dukani: mkao, mshiko na mazoezi ya dakika chache uani bila mpira. Alama za maka peni zikitapakaa uso mzima wa fimbo, tatizo ni mkono, na saa moja na mwalimu wa klabu itasaidia kuliko seti mpya. Zikikusanyika karibu na katikati lakini mpira bado haupandi, hapo fimbo mpya ina kazi ya kufanya, na hela ikitoka haitazua ugomvi.